Mwenzako Anapoingia Kwenye Majukumu Yako

Kuingiliwa kazini hakuanzi kwa ugomvi. Mteja anakupigia simu kuuliza jambo, kisha anajikatiza mwenyewe: "Aa, basi, ameshanijibu mwenzako." Au unafungua ripoti unayoiandaa kila mwezi, unakuta safu mbili zimeongezwa na jumla imebadilika, na hakuna aliyekuambia. Au kikao kinaitishwa kuhusu kazi iliyo mikononi mwako, nawe unapata habari zake kikiwa kimeshakwisha. Jambo lenyewe ni dogo, na ukilisema linaonekana dogo zaidi. Ndiyo maana wengi hunyamaza mpaka siku hesabu zinapokosewa na jina linalotajwa likawa lao.

Hapo kwenye jina ndipo pa kuangalia kwanza. Mwenzako anaweza kuchukua utendaji, yaani akaifanya kazi kwa mikono yake. Anaweza kuchukua sifa. Anaweza pia kuchukua uamuzi. Akichukua utendaji huku wewe ukibaki na neno la mwisho, mara nyingi amekupunguzia mzigo tu. Akichukua sifa, inauma, lakini inarekebishika: peleka kazi yako kwa msimamizi mwenyewe, mapema, kabla hajaizungumzia mtu mwingine. Akichukua uamuzi na lawama zikabaki kwako, hiyo ndiyo hatari, kwa sababu siku ya kuulizwa utajibia jambo usilolijua. Kwa hiyo weka kando kwanza swali la "kwa nini ananidharau?" na ujiulize: hili likiharibika, nani ataitwa ofisini kwa meneja? Kama ni wewe, basi unao wajibu wa kulisimamia, hata kama mwenzako ana nia njema kabisa.

Kabla hujamwambia mtu neno, hakikisha kazi hiyo ni yako kweli. Soma barua yako ya ajira, maelezo ya kazi na malengo mliyokubaliana kwenye tathmini ya mwisho. Malengo ndiyo yenye nguvu zaidi, maana ndiyo utakayopimwa nayo. Maelezo ya kazi mara nyingi yameandikwa zamani na yamenakiliwa kutoka nafasi nyingine. Angalia pia mstari wa mwisho wa maelezo hayo. Karibu kila mahali unasema kitu kama "na majukumu mengine utakayopangiwa na msimamizi wako". Mstari huo unampa bosi nafasi ya kukuongezea kazi, na mwenzako naye ana mstari uleule. Ukikuta kazi haijaandikwa popote, bali umekuwa ukiifanya kwa mazoea, huna msingi wa kudai. Una msingi wa kuomba iandikwe, na hayo ni mazungumzo tofauti kabisa.

Kisha chunguza kama hakutumwa. Hili watu hulisahau, na linaharibu urafiki bure. Bosi anamkuta mtu kwenye korido, anamwambia "nishughulikie hili haraka", halafu hamwambii mwenye kazi. Aliyetumwa anadhani unajua. Wewe unadhani amekupora. Henri Fayol, mhandisi Mfaransa aliyeongoza kampuni ya machimbo kuanzia 1888 hadi 1918, aliliweka hili miongoni mwa kanuni zake za uongozi alizozichapisha mwaka 1916: kila mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkuu mmoja. Kanuni hiyo ikivunjwa, wanaogombana ni walio chini, na aliyetoa amri mbili wala hana habari. Swali moja la upole kwa mwenzako linatosha kujua: "Hili la bei za msambazaji, uliambiwa ulifanye au uliliona tu likisubiri?" Akisema aliambiwa, acha kumwangalia yeye. Nenda kwa aliyemtuma.

Kama hakutumwa, sababu yake ndiyo itakayokuonyesha dawa. Wako wenye kimbelembele wanaotaka waonekane, kweli. Lakini wako pia wanaoingia kwa sababu kuna pengo. Ikiwa maombi yanakaa kwako siku nne bila jibu, mtu mwenye mteja anayefoka mbele yake atajibu mwenyewe, na huwezi kumlaumu. Hapo dawa ni kujibu ndani ya muda unaojulikana, hata kwa mstari mmoja: "Nimepokea, utapata jibu kesho kabla ya saa sita." Wengine wanaogopa kwamba kazi yao inakwisha, kwa hiyo wanajitafutia nyingine. Huyo ukimkemea atashikilia zaidi. Mpe sehemu yenye mwanzo na mwisho, na atatulia.

Aliye mgumu kuliko wote ni yule aliyekuwa kwenye nafasi yako kabla yako na bado yumo humo ofisini. Amepandishwa cheo au amehamia idara nyingine, lakini wateja wana namba yake ya simu, nywila bado anazo, na barua pepe za mfumo zinaendelea kumfikia. Haingii kwako kwa ubaya. Kazi ndiyo inayomfuata. Kumwambia "hii sasa ni yangu" hakubadilishi lolote, kwa sababu kesho simu italia tena kwake. Kinachosaidia ni kuhamisha njia zenyewe, na nyinyi wawili mfanye hivyo pamoja mkiwa mmekaa meza moja. Barua fupi iende kwa wateja na wasambazaji ikiwa na jina la nani wa kumpigia kuanzia tarehe fulani, na aitume yeye, siyo wewe, maana wao wanamwamini yeye. Anwani ya taarifa za mfumo ibadilishwe. Ruhusa yake kwenye faili ipunguzwe kutoka kuhariri hadi kusoma. Na mkubaliane atasema nini akipigiwa: "Nakuunganisha na mwenzangu anayelishughulikia," kisha aunganishe bila kujibu kwanza. Akijibu swali hata moja "kwa kusaidia tu", mteja ameshajifunza kwamba njia ya zamani bado iko wazi.

Sasa kuhusu kuweka kumbukumbu. Wiki mbili hadi tatu za kuandika zinatosha kuona kama ni tabia au ni bahati mbaya. Andika tarehe, kazi gani, alifanya nini, matokeo yake yalikuwa nini, na ushahidi uko wapi. Matokeo ndiyo watu huyaacha, na ndiyo yenye uzito. Maandishi ya "alinipuuza tena mbele ya wote" hayamsaidii yeyote kuamua. Yanayosaidia ni haya: "Tarehe 6, alimthibitishia mteja kuwa mzigo utafika Ijumaa. Ratiba ilikuwa Jumatano inayofuata. Mteja alilalamika tarehe 9, nikalazimika kulipia usafiri wa haraka. Tazama barua pepe ya tarehe 6, saa 8 mchana." Sifa na hisia ziondoe zote. Kama wiki tatu zimepita na huna tukio hata moja lenye madhara, jiulize kama linalokusumbua ni kazi au ni mtu. Na tahadhari moja: usijitumie nyaraka za ofisi kwenye barua pepe yako binafsi ili "ziwe salama". Sehemu nyingi hilo ni kosa la kinidhamu lenyewe, na utakuwa umempa mwenzako silaha. Andika kwa maneno yako tukio lilivyokuwa na mahali nyaraka ilipo.

Hatua inayofuata ni mazungumzo ya ana kwa ana. Msiwe mbele ya watu, usitumie ujumbe wa simu, na usianzie kwa bosi. Chagua tukio moja la karibuni, la siku moja au mbili zilizopita, wakati kumbukumbu bado ni mbichi kwenu wote. Ukija na orodha ya mambo saba tangu mwaka jana, atasikia kwamba umekuwa ukimwinda. Robo saa inatosha. Mpangilio wa maneno una mambo matatu: kilichotokea, madhara yake, unachoomba.

"Kaka, naomba tuzungumze kidogo kuhusu ile barua ya Jumanne. Ulimpa mteja tarehe ya Ijumaa, na mimi nilikuwa nimepanga Jumatano ijayo. Imebidi tulipie usafiri. Naomba akikuuliza tarehe tena umlete kwangu, hata kama unaijua."

Halafu nyamaza. Ukimya huo ni mgumu, na wengi huuziba kwa kujieleza tena, kwa kuomba radhi, au kwa kusema "lakini siyo neno". Ukishasema siyo neno, ombi lako limekufa. Kama ni mkubwa wako kiumri au kicheo, adabu inabadilika lakini ombi halibadiliki: "Mzee wangu, naomba unisaidie kwenye jambo moja. Wateja wakija kwako kuhusu tarehe, naomba uwaelekeze kwangu, ili nisije nikawapa jibu tofauti na lako." Umelinda heshima yake na umeeleza hatari iliyopo kwa kweli.

Majibu utakayoyapata yanajulikana. "Nilikuwa nakusaidia tu." Mshukuru, kisha mwelekeze: "Nashukuru. Msaada utakaonifaa zaidi ni kuniarifu mapema mteja anapolalamika." "Wewe ulikuwa umechelewa." Kama ni kweli, kubali papo hapo, na useme utajibu ndani ya muda gani kuanzia sasa; usipokubali, mazungumzo yote yatahamia kwenye uchelewaji wako. "Sisi sote ni timu moja, mbona unagawa?" Hili ndilo linalowanyamazisha wengi, na halistahili. Jibu ni fupi: timu moja, ndiyo, na mteja akipata tarehe mbili kutoka timu moja anaacha kutuamini sote. "Bosi aliniambia." Basi: "Sawa, twende wote wawili tukamuulize ili tujue nani anaendelea nalo." Mwendee naye, usiende peke yako. Ukienda peke yako inakuwa mashtaka.

Siku hiyohiyo mtumie mistari miwili mitatu ya mliyokubaliana, bila kumwekea bosi nakala. Kuweka nakala kwa bosi kwenye ujumbe wa kwanza ni kutangaza vita, na mwenzako atajibu kwa kuwaeleza yeye na wengine watano upande wake wa mambo.

Mara nyingi mazungumzo hukwama kwa sababu kazi yenyewe imetajwa kwa jina kubwa mno. "Manunuzi ni yangu" ni maneno ambayo watu wawili wanaweza kukubaliana nayo na bado wakagongana kesho. Ivunje. Chukua kazi moja tu, hiyohiyo ya manunuzi: kuna kuandika mahitaji, kuomba bei kwa wasambazaji, kulinganisha bei, kuchagua, kuidhinisha, kutuma oda, kupokea mzigo, kukagua idadi na ubora, kuhakiki ankara, kulipa. Hatua kumi. Mkizipitia moja moja mtagundua mgongano uko kwenye mbili au tatu, siyo kwenye zote. Huenda mwenzako hata hana haja na uchaguzi; anachotaka ni kuandika mahitaji kwa ukamilifu kwa sababu vifaa vikija vibaya vinamharibia kazi yeye. Ukimpa hatua hiyo, ataacha kupiga simu kwa wasambazaji.

Kisha chora jedwali. Hatua zikae kwenye mistari, watu kwenye safu, na kila kisanduku kijazwe mojawapo ya mambo manne: anayetenda, anayewajibika, wa kushauriwa kabla, wa kuarifiwa baada. Jedwali hili lina sheria moja isiyovunjwa: kila mstari una mwenye kuwajibika mmoja tu. Watendaji wanaweza kuwa watatu. Anayewajibika ni mmoja. Mkishindwa kumpata mmoja, hatua hiyo bado ni kubwa, ivunjeni tena. Wa kushauriwa nao wawe wachache, kwa sababu kila mmoja anaongeza siku, na ofisi inapochelewa ndipo watu wanaanza kujichukulia maamuzi. Mistari minane hadi kumi na tano inatosha. Ikizidi hapo hakuna atakayelisoma. Msimamizi alipitishe, tarehe iandikwe, na liwekwe kwenye folda ambayo timu inaifungua kila siku. Jedwali likifichwa kwenye faili la mtu mmoja, ni karatasi tu.

Penye fedha kuna jambo jingine, na hapa nasema kwa ukali kidogo. Anayechagua msambazaji asiwe anayepokea mzigo, na anayepokea mzigo asiwe anayelipa. Mgawanyo huo wa majukumu ni wa makusudi, upo ili wizi au kosa la mmoja lionekane kwa mwingine. Mwenzako akianza kupokea mizigo aliyoiagiza mwenyewe "ili kuokoa muda", hata kama ni mwaminifu, ukuta umevunjwa. Usilichukulie kama suala la wivu wala usilivumilie kwa sababu mnapatana. Liandike kwa msimamizi siku hiyohiyo. Mkaguzi atakapokuja, ataangalia sahihi zilizopo kwenye karatasi, na yako inaweza kuwa mojawapo.

Likizo nazo ni mahali ambapo majukumu mengi hupotelea. Unaondoka wiki mbili, mwenzako anakaimu, unarudi na kazi haijarudi. Hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja huzuia hilo. Iandike hivi: kazi zilizo wazi na hatua iliyofikiwa, mambo anayoruhusiwa kuamua peke yake, mambo ya kusubiri urudi au ya kupeleka kwa msimamizi, na tarehe ya mwisho ya kukaimu. Tarehe ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Siku ya kurudi, kaa naye nusu saa, pokea kimoja kimoja, kisha watumie wahusika wote ujumbe kwamba umerudi na maswali yaje kwako. Bila ujumbe huo, wataendelea kumwandikia yeye kwa mazoea, naye ataendelea kujibu.

Sasa kama mmeongea, mmeandika, na bado anaendelea, nenda kwa msimamizi. Nenda na ukurasa mmoja. Weka matukio mawili au matatu yenye madhara, uliyokwisha kujaribu, na unachoomba. Usimwombe bosi aamue nani mbaya. Mabosi hukimbia hukumu ya namna hiyo na watawaambia "mkae mzungumze". Mwombe aamue jambo moja: "Tarehe za mteja, nani awe na neno la mwisho kati yetu? Nikilijua, nitalifuata." Mpe na njia mbili za kuchagua, mojawapo ikiwa ya kumpa mwenzako kazi hiyo yote. Ukiwa tayari kweli kwa njia hiyo, sauti yako itakuwa tofauti, na yeye ataisikia.

Na huenda akaichagua. Hapo usiondoke mikono mitupu: omba uamuzi uandikwe, jukumu litoke kwenye malengo yako ya mwaka, na lawama zake zihamie huko pia. Kuna watu wamepokonywa kazi mwezi wa tatu na mwezi wa kumi na mbili wakapewa alama mbovu kwa kutoifanya. Kuna pia kazi zinazostahili kuachwa. Kama inakula saa tano kwa wiki, haimo kwenye malengo yako, na mwenzako anaifanya vizuri, mwachie nzima. Kumwachia nusu, yeye atende na wewe uwajibike, ndiko kubaya kuliko yote.

Ofisi ya rasilimali watu siyo mahali pa kupeleka kila mgongano wa mipaka. Upeleke huko pale kunapokuwa na matusi, vitisho, ubaguzi, nyaraka zilizobadilishwa, kazi iliyoharibiwa makusudi, au pale anayekuingilia ni msimamizi wako mwenyewe na huna wa juu yake unayeweza kumfikia. Kama kuna chama cha wafanyakazi, mwakilishi wake anaweza kuketi nawe.

Njia ambazo huonekana tamu na hugharimu sana ni tatu. Kumficha taarifa: kazi ikikwama, utakayeonekana umeikwamisha ni wewe. Kumwacha aharibu ili aonekane: anayeumia ni mteja au mgonjwa au mwanafunzi aliye mwisho wa mnyororo, na penye usalama wa watu hilo haliruhusiwi kabisa. Na majungu; ukishamsema kwa watu watatu, hakuna mazungumzo ya ana kwa ana yatakayoaminika tena. Anajua ulikopita.

Robert Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha mwaka 1964 utafiti wao juu ya msongo kazini, na wakahusisha utata wa majukumu na wasiwasi pamoja na kutoridhika na kazi. Nalitaja kwa ajili ya anayelala akiwaza ripoti iliyobadilishwa na kujiambia anakuza mambo. Hakuzi. Asiyejua kazi yake inaishia wapi hachoki kwa kazi, anachoka kwa kukisia.

Tegemea kwamba tabia ya kukuingilia itarudi, hata baada ya makubaliano mazuri. Tabia hairekebishiki kwa kikao kimoja. Itarudi kwenye kikao, swali likiulizwa na yeye akaanza kulijibu kabla yako. Usimkatize kwa hasira, wala usisubiri mpaka mwisho. Akipumua, sema kwa sauti ya kawaida: "Hilo liko kwangu. Tarehe nitaithibitisha kesho saa nne asubuhi, baada ya kuongea na ghala." Kisha kesho yake, kabla saa nne haijafika, itume. Watu waliokuwa kwenye kikao hicho watakaokuwa na swali wiki ijayo watamwandikia yule aliyetoa jibu kwa wakati. Na jedwali lenu lipitieni upya kila mtu anapoingia au kutoka kwenye timu, na kila mfumo mpya unapofungwa, maana hapo ndipo kunapozaliwa hatua ambazo bado hazina jina la mtu.